Nilimnunulia mama mkasi Osaka, wenzangu wote wakijua ameshafariki

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu salama?

Humu mimi ni mtu wa kusoma na kupita. Nimesoma nyuzi zenu za ndoa, za viwanja, za majini, nikacheka, nikaenda kulala. Leo zamu yangu. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wahusika wawili wamo humu ndani na mmoja wao ana mdomo.

Nianze na lenyewe ili msije mkasema nimewazungusha.

Mwaka 2019 nilienda Japan na marafiki watatu. Siku yetu ya mwisho tulizunguka maduka ya Osaka kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia. Siku hiyo hiyo mama yangu alikuwa anazikwa Tanga. Wenzangu wote watatu walijua tangu alfajiri. Mimi sikujua.

Sasa twende taratibu.

Naishi Arlington, Texas, hapa katikati ya Dallas na Fort Worth. Kazi yangu ni ya ofisini, mambo ya kompyuta. Mji huu bila gari wewe ni mfungwa, na ukiwa nalo ni mfungwa mwenye gari. Unatoka apartment, unaingia kwenye gari, unaingia ofisini, unarudi. Jirani yangu wa mlango wa pili nilimjua kwa harufu ya vitunguu vyake tu.

Kuna Jumatatu niliwahi kufika kazini, mtu akanisalimia, sauti ikatoka imekwaruza. Nikagundua tangu Ijumaa nilikuwa sijafungua mdomo kuongea na mtu yeyote.

Watu wetu wapo, sikatai. Wakenya wamejaa hapa Arlington, Watanzania wapo DeSoto, hapo kusini mwa Dallas, wapo Houston. Lakini kila mtu ana shift yake. Mnaonana kwenye harusi na misiba, mnapeana namba, mnaambiana "tutafutane basi", halafu hakuna anayemtafuta mwenzake.

Ndiyo maana Kelvin alipotupia kwenye group la wasap kwamba kuna tiketi za Osaka za bei ya kutupa, mimi nilijibu "nipo" kabla sijasoma tarehe. Kusema ukweli Japan haikunihusu. Hata wangesema twende kuangalia shimo la mchanga Oklahoma ningeenda. Nilichotaka ni watu.

Niwatambulishe.

Kelvin ni mtu wa Mbeya, anakaa Sugar Land, kule Houston, anafanya kazi hospitali. Muongeaji hatari, anaweza kukusimulia mechi ambayo mwenyewe hakuiangalia.

Sada ni dada wa DeSoto, yuko ofisi ya bima. Mama yake ni mtu wa Tanga na anafahamiana na kwetu. Kumbukeni hapo.

Wanjiru ni Mkenya, nesi, anakaa Arlington kama mimi, dakika kumi kwa gari. Tulikuwa na miaka miwili tunafahamiana na hatujawahi kutembeleana. Marekani hiyo.

Na mama yangu alikuwa fundi cherehani. Watu wa mtaani kwetu karibu wote wamevaa mshono wake. Halafu alikuwa mashoto, kila kitu mkono wa kushoto isipokuwa kula tu, maana bibi alimchapa mpaka akaacha.

Sasa mikasi yote ya dukani imetengenezwa kwa mtu wa kulia. Ukiishika kwa kushoto inakutafuna kidole, na kitambaa kinajikunja katikati badala ya kukatika. Mama alikata hivyo hivyo maisha yake yote. Kidole gumba chake kilikuwa na sugu ngumu, tulipokuwa wadogo tukimpa kucha zetu atusugulie nacho.

Nilipompigia kumuaga, akaniuliza, "Hao Wajapani si ndio mafundi wa vyuma? Basi niletee mkasi mwanangu."

Wakuu, mama yangu hakuwahi kuniagiza kitu tangu nije Marekani. Hata simu ya mkononi ni mimi niliyemlazimisha akubali nimnunulie. Nikaingia mtandaoni nikakuta kumbe ipo mikasi ya watu wa mashoto, ya ufundi kabisa, imegeuzwa vyuma vyake. Sikumwambia. Nilitaka auone tu, aushike, aulize huu mbona hauniumi.

Kwenye ndege niliwasimulia wenzangu habari hiyo mpaka Kelvin akaniambia, "Mwanangu, tumeelewa, tunaenda Japan kununua mkasi."

Siku za mwanzo zilikuwa za kawaida. Tulipanga kanyumba kadogo, wanawake chumba kimoja, sisi kingine. Nyumba haikuwa na intaneti, tulikodi kile kidude cha wifi cha kubeba mfukoni, tunashea wanne. Kelvin ndiye aliyekuwa anakitunza. Nilikuwa nao lakini bado najiona kama nimedandia. Wao wanataniana, mimi nacheka kwa kuchelewa kidogo.

Siku ya mwisho nikaamka nikakuta wenzangu wote watatu wameshaamka, wamekaa jikoni, kimya. Nilipoingia wakasimama.

Hebu fikiria, watu wazima watatu wanasimama kwa sababu mimi Hemedi nimeingia na bukta.

Sada macho mekundu. Nikamuuliza vipi, akasema, "Mafua tu kaka Hemedi, hii AC imenimaliza." Wanjiru akanisogezea chai, imeshakorogwa sukari. Wanjiru huyu hajawahi kumkorogea mtu chai.

Kelvin akasema, "Oyaa, MB zimekata. Zimebaki za ramani tu. Nimebadilisha password, natumia mimi peke yangu leo."

Nikasema poa. Ningejuaje?

Niwaambie sasa nilichokuja kujua baadaye, ili tusipotezane. Mama alianguka usiku wa Tanga baada ya Isha, hakuamka tena. Dada yangu Zubeda akampigia Sada kwa sababu namba yake anayo. Akamwambia: msimwambie Hemedi akiwa ugenini, mleteni mpaka Texas, wakusanyike watu, aambiwe na wakubwa. Mkiweza, asipate nafasi ya kuwa peke yake.

Nyie mnajua kwetu ndivyo ilivyo. Mtu hapigiwi simu akaambiwa "mama yako amekufa" kama anaambiwa umeme umekatika. Anaitwa, anaambiwa mgonjwa kazidiwa, akifika nyumbani anakuta viatu mlangoni, anajijua mwenyewe. Nimeshashiriki kuwafanyia wengine hivyo. Sikuwahi kuwaza zamu yangu ikifika nitakuwa wapi.

Basi tukaenda Shinsaibashi. Ni barabara ndefu ya maduka iliyoezekwa paa juu, kwa hiyo hata mvua inyeshe wewe unatembea mkavu. Pande zote maduka: viatu, dawa, vipodozi, soksi zenye vidole. Wauzaji wanakukaribisha kwa sauti ya kuvuta kama wanaimba. Watu wengi kuliko kawaida na hakuna anayekugonga bega.

Na hakuna pipa la taka. Nasema hakuna! Ukila kitu unatembea na uchafu wako siku nzima. Wanjiru mkoba wake ulijaa vijiti vya mishikaki na makaratasi.

"Hawa watu takataka wanapelekanga wapi?" akaniuliza. "Ama wanameza?"

Nikacheka mpaka nikasimama. Yeye akaniangalia nikicheka, akanikumbatia. Katikati ya barabara, hivi hivi. Nikashangaa lakini nikajisikia vizuri sana, siwafichi.

Siku ile nilipendwa, wakuu. Nikisimama, wanasimama. Nikiangalia viatu, Sada anashika mfuko wangu. Nikienda chooni Kelvin anasema na yeye amebanwa. Nilisema nimechoka, wote watatu wakachoka. Kelvin muongeaji alikuwa ananisikiliza! Nilimsimulia utoto wangu wote, jinsi mama alivyokuwa anatushonea sare za shule kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, mfuko mmoja rangi hii, mwingine rangi ile. Akawa anauliza, "Ehe, halafu?" Mtu ambaye siku zote ukisema sentensi mbili anakukatisha.

Moyoni nikasema, haya sasa. Nimepata marafiki. Kumbe walikuwa wananihurumia tu.

Kuna mahali kidogo mambo yaharibike. Duka moja la dawa lilikuwa na tangazo la wifi ya bure mlangoni. Nikasimama, nikatoa simu nimuulize dada Zubeda ukubwa wa mkono wa mama, maana mikasi ina saizi. Nimeshaanza kuandika email yangu ili wifi inikubali, Kelvin akanishika mkono.

"Achana nayo hiyo, wanaiba data hao."

"Wajapani wananiibia nini mimi?"

"Twende bwana, tutapima mkasi wenyewe."

Nikafunga simu. Nilimuona jasho puani, na kulikuwa na baridi. Nikajua ana njaa.

Tukaingia mtaa mwingine, wa vyombo vya jikoni, masufuria yamening'inia, visu vimepangwa kwenye vioo. Duka la tatu ndilo lililokuwa na mikasi. Muuzaji mama wa makamo, aproni ya bluu. Kelvin akamtafsiria kwenye simu: mkasi, fundi nguo, mkono wa kushoto.

Yule mama akainua mkono wake wa kushoto kuhakikisha. Nikainua wangu. Akaingia ndani, akatoka na boksi la karatasi ngumu.

Mkasi mweusi, mzito, umelala kwenye karatasi ya mafuta. Nikaushika kwa mkono wa kulia, ukaniuma kidole gumba. Ulinikataa kabisa. Nikafurahi nusura nipige kelele, maana kama unanikataa mimi basi huo ndio wa mama.

Nikageuka niwaonyeshe. Hakuna aliyekuwa ananiangalia usoni.

Muuzaji akasema kitu, simu ikatafsiri: anaweza kuchonga jina la mwenyewe, hapo hapo, bila malipo.

Kelvin akasema, "Labda uache, Hemedi. Uache tu bila jina."

"Kwa nini niache?"

"Sijui. Pengine... pengine mama mwenyewe hatapenda."

"Kelvin, mama akionyesha watu mkasi una jina lake, mtaa mzima watahama kwa maringo yake."

Sada akasema polepole, "Mwache aandike."

Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa MWANAHAMISI. Jina refu, yule mama akahesabu herufi, akacheka, akavaa miwani. Akachukua nyundo ndogo na patasi ndogo akaanza. Tik, tik, tik.

Wanjiru akatoka nje. Nikamuona kupitia kioo amewapa mgongo wapita njia, ameegemea ukuta, mabega yanatikisika. Nikamuuliza Sada, "Ana nini huyu?" Sada akasema, "Amekumbuka kwao."

Nami nikatoka nje, nikamshika bega Wanjiru, nikamwambia maneno haya haya, sijayasahau: "Usilie bwana, mama zetu wapo, tutawaona tu."

Mimi ndiye niliyembembeleza.

Jioni tukaenda kwenye ule mfereji wenye mataa, Dotonbori, watu wanapiga picha na mabango. Wanauza pale vitu vya mviringo kama kaimati, ndani kuna pweza. Mtu wa Tanga nimesafiri mpaka Japan kula pweza! Nilitania sana hapo, nikiwaambia huyu pweza hajapondwa vizuri, nipeni mimi niwafundishe.

Ilipofika saa moja, Sada akasogea ukingoni akaangalia maji. Akakunjua viganja vyake kifuani, midomo inacheza. Kelvin akavua kofia.

Nikamwambia Sada, "Unamuombea pweza?"



Saa moja jioni ya Osaka ni saa saba mchana ya Tanga. Walikuwa wanatoa jeneza nyumbani. Kwenye simu yangu ipo picha ya dakika hiyo, Wanjiru alinipiga kwa sababu nilimng'ang'aniza. Nimejaza mdomo, nacheka, jicho limefumba.

Kesho yake uwanja wa ndege kuna wifi ya bure na hakuna wa kunizuia tena. Nikawasha. Kimya, hakuna aliyeniandikia. Dada alikuwa ameshawazungukia watu wote kwa simu: asimwandikie mtu. Nikamtumia yeye ujumbe kwamba mkasi nimeupata, na una jina, amwambie mama asinunue kitambaa kipya mpaka ufike.

Akajibu, "Sawa mdogo wangu. Safari njema."

Mpaka leo namuwazia dada yangu alivyoyaandika hayo maneno, amekaa kwenye mkeka wa msiba.

Tukatua Dallas. Kelvin alitakiwa kuunganisha ndege ya Houston, akasema ataunganisha kesho, amechoka. Sada akasema twende wote kwake DeSoto, wamepika. Nikaona raha imezidi sasa. Safari imeisha na bado watu wananitaka.

Kufika DeSoto, magari yamejaa mpaka kwa jirani. Mlangoni viatu.

Wakuu, mimi mtoto wa Tanga, niliyekulia kwenye misiba, niliona viatu vile nikasema kwa sauti, "Kumbe mmetuandalia sherehe!" Niliingia natabasamu. Nimeshika boksi la mkasi, nataka kuwaonyesha watu.

Wanawake wamejifunga khanga, wamekaa chini. Hakuna aliyenijibu tabasamu. Mzee mmoja wa kwetu, namuita Mzee Salim, akasimama, akanishika mikono yote miwili pamoja na boksi.

"Hemedi mwanangu, sisi wote ni wa Mwenyezi Mungu. Mama ametutangulia."

Nikauliza, "Lini?"

"Juzi usiku. Amezikwa jana, adhuhuri."

Nikaanza kupiga hesabu ya masaa. Wengine wanalia, mimi napiga hesabu. Adhuhuri, ongeza sita. Nilipofika kwenye pweza, nikaacha kuhesabu.

Nikamtafuta Kelvin kwa macho. Alikuwa karibu na mlango wa jikoni.

"Ulijua?"

"Dada yako alisema usiambiwe ugenini. Sasa ungefanya nini Osaka, Hemedi? Ndege hakuna, maziko usingewahi."

"Ningelia," nikamwambia.



Wanjiru ndiye aliyekuja kukaa nami nje kwenye ngazi. Akaniambia, "Kazini kule hosi, sisi tunaambianga family the same minute. Mimi nilitaka kukushow pale kwa makasi. Wakaniambia hiyo si custom yenu, nikanyamaza. Na si poa, Hemedi. Si poa hata kidogo."

Watu walikaa nami siku tatu. Walipika, walisoma khitma, walinishika. Sitawasema vibaya, walitoka kwenye shift za usiku wakaja na sufuria. Lakini nilikuwa siwezi kulia mbele yao. Kila nikiangalia uso naona mtu aliyejua kabla yangu. Mama yangu walikuwa wameshamlilia bila mimi.

Siku ya nne kila mtu akarudi kazini. Nikarudi Arlington, nikafungua mlango, nikalilia kwenye zulia na viatu miguuni. Jirani alikuwa anakaanga vitunguu.

Kwenda Tanga sikuweza. Likizo yangu ya mwaka nilikuwa nimeimalizia Japan. Nikasema nitaenda mwakani, mwakani yenyewe mnaijua ilivyokuwa. Mkasi nilimpa binti aliyekuja kujifunza kushona Fort Worth, si mashoto lakini akasema atabadilishana na mtu. Sikuuliza zaidi.

Kelvin nilimkatia mawasiliano. Akipiga sipokei. Nilijitoa kwenye group. Nilirudi kulekule, Ijumaa mpaka Jumatatu bila sauti, safari hii kwa kutaka mwenyewe.

Ikaja 2020, corona. Sada akanipigia mchana mmoja. Baba yake Kelvin amefariki asubuhi hiyo kule Mbeya, moyo. Kelvin mwenyewe amejifungia Sugar Land, kazini kwao kuna mgonjwa alimgusa, ameambiwa asitoke siku kumi na nne. Aliyekuwa anakaa naye amehama. Watu hawaruhusiwi kukusanyika.

"Tumeamua tusimwambie mpaka amalize karantini," Sada akasema. "Tunakuomba na wewe kaka, usije ukaropoka. Yuko peke yake mule ndani, ataweza nini?"

Nikamuuliza, "Anazikwa lini?"

"Keshokutwa."

Nikakata simu nikachukua ufunguo wa gari.

Arlington mpaka Sugar Land ni karibu masaa manne na nusu. Barabara ilikuwa tupu, sijawahi kuiona hivyo. Njia nzima nilikuwa nagombana na Sada kichwani. Sehemu moja nikakaribia kugeuza, maana nilijiuliza: naenda kumsaidia Kelvin, au naenda kumlipizia? Sikupata jibu, nikaendelea kuendesha.

Kelvin anakaa ghorofa ya pili. Nikapaki chini ya dirisha lake, nikavaa barakoa, nikatoka, nikapiga simu.

"Kelvin, fungua dirisha."

Pazia likasogea. Akaniona nimesimama pale kwenye maegesho. Tulikuwa hatujasemeshana miezi mingi, na hakuna mtu anayetoka Arlington kwenda Sugar Land kusalimia tu.

"Nani?" akauliza.

"Mzee."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Hajazikwa. Kelvin, hajazikwa bado, una muda."

Alikaa chini, sikumuona tena dirishani. Nilikuwa namsikia tu. Sijawahi kumsikia mwanaume mtu mzima akilia vile, na simu sikioni, na mimi siwezi kupanda ngazi kumshika. Dirisha liko wazi, kwa hiyo nilikuwa namsikia mara mbili, simuni na hewani.

Baada ya muda mrefu akasema, "Ungesubiri, Hemedi. Ungesubiri nikawa na watu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi lakini si hilo. Njia nzima nilijiona naenda kumpa kitu ambacho mimi nilinyimwa. Kumbe yeye alikuwa anaomba kile kile nilichopewa mimi nikakikataa.

Nikamwambia, "Mtu ndiyo mimi hapa."

Sikuondoka. Nililala kwenye gari, nikanawa kwenye kituo cha mafuta. Siku ya maziko ndugu zake waliweka simu juu ya kiti kule Mbeya, tukaangalia wote, yeye juu, mimi chini, simu moja moja. Mtandao ulikuwa unakatika. Ikikatika kwake ananiita dirishani, "Wamefika wapi?" Namwambia wanashusha. Namwambia wanamwaga udongo. Namwambia mama yako amekaa, yuko sawa, amepewa maji.

Akatupa kidogo udongo wa chungu cha ua kupitia dirishani. Ukaangukia kwenye bonnet ya gari langu. Sikuufuta pale.

Tunaongea sasa, mimi na Kelvin. Lakini hajawahi kuniambia kama nilifanya vizuri, na mimi sijawahi kumwambia nimemsamehe. Mambo hayo tumeyaacha hapo maegesho.

Nilichojifunza? Nilikuwa nadhani nina jibu, ndiyo maana nilikawia kuandika huu uzi. Mila ya kusubiri watu ni nzuri, wakuu, ilitungwa na watu wenye huruma. Ila ilihesabu kwamba watu wapo. Jirani yupo, shangazi yupo, uani kuna mkeka. Huku wengi wetu tukisubiri watu, maiti inazikwa. Na ukimwambia mtu peke yake, nako ni ukatili. Sijui. Labda kikubwa ni kwamba anayepeleka habari aende mwenyewe na miguu yake, halafu abaki.

Naomba maoni yenu, hasa ninyi mlioko nje. Mlipofiwa mliambiwaje, na mngependa mngeambiwaje? Kelvin kama unasoma, na wewe andika, tuone utasema nini mbele ya watu. Matusi karibuni, kejeli za mkasi naomba mnipunguzie kidogo.

Mimi kwa upande wangu nimeshawaambia dada zangu wote. Likitokea lolote huko nyumbani, saa yoyote, nipigieni mimi kwanza. Wakaniuliza, na kama uko peke yako?

Nikawaambia niko peke yangu. Mkinisubirishia watu, mtasubiri sana.